Kurushwa Darasa Mwaka wa Tohara

Mwalimu Phelista aliniita shuleni Jumanne ya pili ya Februari. Nilikuwa na chanjo za kuku zilizotakiwa kuingia kwenye friji kabla ya saa nne, kwa hiyo nilimwambia aseme upesi. Akasema upesi. Mwanangu Hesbon, mwenye miaka kumi, alikuwa anapoteza wakati katika gredi ya tano. Hesabu za dakika arobaini alikuwa anazimaliza kwa dakika nane, kisha anaanza kumfundisha mwenzake wa dawati majibu ya uongo ili aone kama atayaamini. Wiki iliyotangulia alikuwa amemrekebisha mwalimu mwenyewe mbele ya darasa, tena kwa adabu, na mwalimu alipopiga hesabu upya akaona mtoto amesema kweli.

"Mama Hesbon, huyu si wa kukaa hapa," alisema. "Tumrushe gredi ya sita."

Mwalimu mkuu, Bwana Kiplimo, alieleza kwamba jambo hilo halifanywi sana siku hizi. Hesbon angesoma ya gredi ya sita mchana, na jioni angefanya zile kazi za tathmini za gredi ya tano, ili asionekane na pengo. Lakini majina ya watahiniwa wa mtihani wa gredi ya sita yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Orodha ikifungwa imefungwa, alisema, hawaongezi wala hawapunguzi.

Nina stashahada ya afya ya mifugo na duka la dawa za wanyama hapa Kitale. Ng'ombe wa lita ishirini humlishi kama wa lita tano. Ukimlisha hivyo utamharibu, na kosa litakuwa lako. Hivyo ndivyo nilivyoliona jambo la Hesbon, na sikuona kingine.

Nilimpigia simu mume wangu. Wabwile ni karani Bungoma. Hukaa huko siku za kazi na kuja Kitale Ijumaa jioni. Nilimweleza yote bila kupumua.

"Mwaka huu?" aliuliza.

"Ndiyo, mwaka huu. Wewe unataka mwaka gani?"

"Si ungoje mwaka ujao, Mama Hesbon. Tuone kwanza."

Nilimuuliza tuone nini. Akasema tuone tu. Nikamwambia kwamba yeye hata nyumba ikishika moto angesema tungoje tuone moto unaelekea wapi. Akacheka kidogo, akasema nifanye ninavyoona. Alhamisi nilienda shuleni nikaweka sahihi.

Hapo ndipo lazima niseme kitu ambacho mtu wa Bungoma asingehitaji kuambiwa. Mimi ni Mkikuyu. Nilizaliwa kwenye shamba la wazazi wangu nje kidogo ya Kitale, na nimeolewa kwa Wabukusu miaka kumi na mbili. Wabukusu hutahiri wavulana wao mwezi wa Agosti, na si kila Agosti, ni ile ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka usiogawanyika hakuna kitu. Nilijua hivyo kama ninavyojua siku ya soko la Cheptais: najua ipo, ila mimi siuzi huko. Huu wa 2026 unagawanyika, ila nilikuwa hata nimeshapanga. Mwaka wa 2028 Hesbon angekuwa na miaka kumi na miwili, tungempeleka hospitali, daktari amalize kazi yake, na bibi yake apike chakula cha watu. Sikujua kwamba kumsogeza mtoto darasa moja mbele ni kumsogeza na huko pia. Mume wangu alijua. Ndiyo maana aliuliza, "Mwaka huu?" Lakini mambo ya tohara Wabukusu hawayajadili na mwanamke, hasa kwa simu, hasa akiwa mama ya mtoto mwenyewe. Akaona nitaelewa. Na mimi nikaona ni uoga wake wa kawaida.

Likizo ya Aprili tulienda Kabuchai kwa mama mkwe wangu, Wilkista. Alikuwa anapepeta maharagwe uani. Alimuuliza mjukuu wake yuko darasa gani, na Hesbon akasema gredi ya sita, kifua mbele. Wilkista aliweka ungo chini.

"Sita? Basi ni mwaka huu."

Nilidhani anasema mtihani. Nikamwambia ndiyo, kuanzia Oktoba. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeketi juu ya kitanda cha mwenye nyumba. Akasema Oktoba ni ya vitabu, yeye anasema Agosti. Wale watoto wote wa gredi ya sita si ndio wanaenda?

Nilisema wangu haendi, ana miaka kumi. Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Muhula wa pili darasani kwa Hesbon kulikuwa na wavulana kumi na wanne. Tisa walikuwa Wabukusu wa Bungoma, na wote tisa walikuwa wanaenda Agosti. Walikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, mmoja alikuwa ameanza kuota ndevu. Hesbon aliwashinda katika kila somo isipokuwa Kiswahili, ambapo alikuwa wa pili. Mwanzoni walimpenda kwa sababu aliwaandikia hesabu. Kisha wakaanza kumuuliza mwakani atakaa na nani. Walimwambia kwamba mtu aliyetahiriwa hatembei na omusinde, yule ambaye bado, wala hali naye sahani moja, wala hajibizani naye. Omusinde hutumwa maji. Hata akiwa namba moja, atatumwa maji.

Angekuwa gredi ya tano asingesikia neno hilo. Rafiki zake wa gredi ya tano walikuwa bado wanacheza na magurudumu ya baiskeli.

Nilidhani atalia, nimwambie awapuuze, yaishe. Hesbon hakulia. Jumapili moja alinijia dukani na kipande cha katoni ya dawa za minyoo. Nyuma yake alikuwa amechora jedwali kwa rula: safu ya miaka, safu ya gredi, safu ya umri wake.

"Mama, angalia. 2026, gredi ya sita. 2027 hakuna kitu. 2028, gredi ya nane. Hakuna ya saba. Ama niende sasa, ama nikae na wao miaka miwili nikiwa hivi."

"Hivi vipi? Wewe ni mwanafunzi. Umeenda kusoma."

"Ningekuwa gredi ya tano ningengoja," alisema. "Wenzangu wote wangengoja. Ni wewe ulinirusha."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema jibu la hesabu. Nilitafuta kosa kwenye lile jedwali na sikulipata. Nilimwambia apande juu ya mizani ya chakula cha mifugo. Kilo ishirini na saba. Nikamwonyesha. Nikamwambia hao wenzake wana kilo arobaini, na kwamba yeye ni mtoto, na mtoto hangoji watu wamwambie ni mtoto. Aliteremka, akachukua katoni yake, akaenda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Kiplimo kabla hajafungua ofisi. Nilimwambia amrudishe Hesbon gredi ya tano. Aliniuliza kama ameshindwa na masomo. Nikasema hapana. Aliniuliza basi shida ni gani, nikamweleza. Alisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo. Kwao, alisema, tohara ni Desemba, na shule huwa zimefungwa, kwa hiyo kelele haziingii darasani. Lakini jina la Hesbon lilikuwa limeshapelekwa pamoja na ya wengine. Mtahiniwa hawezi kutoweka katikati ya mwaka kama si kwa ugonjwa au kifo.

"Na hata ningeweza, Madam," alisema, "ukimrudisha sasa hawatasema amerudi kwa sababu ni mdogo. Watasema alikimbia kisu. Hiyo itamfuata mpaka azeeke."

Mwalimu Phelista alikuwa amesimama mlangoni na rundo la madaftari. Aliniambia samahani. Alisema yeye aliona hesabu tu. Nikamwambia hata mimi.

Ijumaa mume wangu alipofika sikumpa hata chai. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mwezi wa pili. Akasema aliniambia ningoje.

"Ulisema ningoje. Hukusema kwa nini."

"Hayo si mambo ya kumwambia mke kwa simu, bana. Nilijua utajua."

"Ningejuaje? Mimi nilizaliwa Kabuchai?"

Tulikaa pale kila mtu na kosa lake. Baadaye nilileta habari ya hospitali. Kuna daktari mzuri hapa mjini, siku moja, sindano ya ganzi, mtoto anarudi nyumbani kwa miguu yake. Wabwile alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, na nikaona kumbe hata yeye ana hofu. Tukamwita Hesbon. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama baba yake alienda hospitali. Wabwile akatazama dari. Hesbon akauliza kama baba mkubwa alienda hospitali. Halafu akasema wale tisa walishasema mtu wa hospitali ni nusu, na yeye hataki kurushwa gredi halafu awe nusu.

"Mkataze," nilimwambia mume wangu mtoto alipotoka. "Wewe ni baba yake."

Akanieleza jinsi ilivyo. Mtoto halazimishwi kwenda. Akisema hataki, hakuna wa kumshika. Lakini akiomba mwenyewe, baba humkatalia mara ya kwanza na ya pili ili ampime, na akiomba mara ya tatu hapana baba wa kumnyima njuga. Akishazivaa na kuzunguka kwa jamaa akiwaalika, amemaliza. Akirudi nyuma hapo ni aibu ya watu wote wa nyumba hiyo, waliokufa na walio hai.

Nilimwambia basi asimpeleke Kabuchai. Akasema hatampeleka. Katikati ya muhula, mwisho wa Juni, Wilkista aliugua mgongo, ikabidi waende. Nilibaki na duka. Jumamosi mchana simu ililia.

"Ameomba," Wabwile alisema.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Mbele ya mama. Mimi nilikataa vibaya sana, Mama Hesbon, nilimtukana mpaka mama akanishika mkono."

Nilisikia njuga nyuma yake.

Julai nzima Hesbon alienda shule kama kawaida, akaja na alama tisini na nne za hesabu, na wenzake wakaanza kumwita kwa jina lake kamili. Alikula. Aliimba bafuni. Nilikuwa natazama mtoto mwenye furaha na kuhesabu siku zilizobaki.

Nilikuwa na mlango mmoja uliobaki, na nilijifunza habari zake kwa Wilkista mwenyewe, aliyedhani nauliza ili nijiandae. Siku moja kabla ya kutahiriwa, mvulana lazima aende kwa mjomba wake, ndugu ya mama yake. Mjomba huchinja fahali, humvika mtoto nyama ya kidari shingoni, na kumruhusu. Bila mjomba hakuna kitu. Baba anaweza kuwa na ng'ombe mia, lakini neno hilo ni la upande wa mama.

Upande wa mama ni mimi. Na ndugu yangu ni mmoja tu, Wanyoike, analima mahindi kwenye shamba lile lile tulilozaliwa. Nilienda kwake nikamkuta anafunga waya wa boma. Nilimwomba akatae.

"Wao watasema nini?" aliuliza.

"Watasema Mkikuyu hajui mila. Waseme."

Aliwaza kidogo. Alisema kwetu mtoto hupelekwa akimaliza shule ya msingi, na kwamba kumpeleka wa miaka kumi ni kama kuvuna mahindi ya kuchoma ukasema ni ya ghala. Angesimama langoni, angesema hana fahali, hampi mtoto nyama yoyote, warudi walikotoka. Alinipa mkono. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Walikuja Ijumaa moja ya Agosti, alasiri. Niliwasikia kabla sijawaona. Pikapu mbili ziliwashusha barabarani na wakaingia kwa miguu, watu hamsini au zaidi, wakiimba na kupiga filimbi, na Hesbon katikati yao kifua wazi, amepakwa unga wa wimbi, anagonga njuga kwenye mikono yote miwili. Wilkista alikuwa mbele na fimbo, ule mgongo hauonekani tena. Wabwile alikuwa nyuma. Mimi nilikuwa uani kwa ndugu yangu tangu asubuhi.

Wanyoike alitoka akasimama langoni. Aliinua mkono, wimbo ukakoma.

"Sina fahali," alisema. "Na huyu ni mtoto. Nendeni naye nyumbani akasome."

Umati ulipiga kelele za furaha. Sikuelewa. Wanawake walipiga vigelegele na mtu akapuliza filimbi. Wanyoike alinitazama, kisha akaongeza sauti. Alimwambia Hesbon kwamba hana hata nyama mwilini, kwamba akiona kisu atajikojolea, kwamba aende akalale kwa mama yake. Kila neno lilipokelewa kwa shangwe kubwa kuliko la kwanza. Hesbon alisimama wima, macho juu ya kichwa cha mjomba wake, hapepesi.

Wilkista alikuja akanishika bega. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mimi niliogopa huyu ndugu yako hatajua," alisema. "Kumbe anamkaripia kuliko makhocha wetu, wajomba wa siku hizi. Wale wanasema maneno mawili tu wanatoa nyama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjomba hutakiwa kukataa. Hutakiwa kumtukana mtoto na kumfukuza, na mtoto asipotikisika ndipo hupewa. Nilikuwa nimemweka ndugu yangu afunge mlango, na kufunga kwenyewe kulikuwa ndiyo kazi waliyomjia. Angekataa mpaka jua litue, wangecheza mpaka jua litue.

Wanyoike naye alikuwa ameishiwa na matusi. Alikuja kwangu, akaninong'oneza kwa Kikuyu kwamba hawa watu hawasikii, aseme nini sasa? Nilijua la kusema. Kulikuwa na njia moja tu ya wao kuamini: mimi mwenyewe nitoke mbele yao wote niseme kwamba hii si mila, kwamba nilimtuma, kwamba mama ya huyu mtoto hataki. Wimbo ungekoma kweli hapo. Wangepanda pikapu zao kimya. Na Hesbon angebaki amesimama na unga kifuani, mbele ya wale tisa, ambao zamu yao ilikuwa bado na walikuwa wamekuja kumsindikiza, mvulana aliyekataliwa na mama yake. Muhula ungefunguliwa baada ya wiki mbili na angerudi kukaa nao dawati moja, gredi ya sita, mahali nilipomweka.

Nilimtazama. Yeye hakunitazama, walishamfundisha asitazame mtu. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka haraka.

"Una fahali?" nilimuuliza ndugu yangu.

"Nina yule mwekundu."

"Mpe."

Wanyoike alisimama kidogo akingoja nibadilishe neno. Kisha akaenda bomani.

Alfajiri ya kesho yake, Kabuchai, waliniambia nikae ndani, miguu imenyooshwa kama mila inavyomtaka mama, nisitoke mpaka niitwe. Walikuwa wamempeleka mtoni kupakwa tope. Nilikuwa na begi langu la kazi: pamba, bandeji, dawa ya vidonda, sindano ambazo hazijafunguliwa. Nimeshona ng'ombe waliotoboka tumbo. Nimetoa ndama waliokwama tumboni kwa saa sita. Nilikaa sakafuni na begi mapajani, nikasikia wimbo unakaribia kutoka mtoni, ukaingia uani, ukakatika. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Kisha filimbi, kisha vigelegele.

Wabwile alikuja mlangoni. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Imekwisha," alisema. "Hakutikisika."

"Alilia?"

"Hata kidogo."

Niliinuka na begi. Alinizuia kwa mkono, si kwa nguvu. Alisema mama haendi, kuna mtu wa kumtunza, ni shangazi wa ukoo, anajua. Alichukua begi akasema atampelekea. Niliuliza kama anasafisha kwa dawa, maji yamechemshwa, damu imesimama, amekula. Akajibu ndiyo kwa yote, na niliona hajui hata moja.

Shule zilifunguliwa Jumatatu ya wiki ya tatu tangu siku ile. Hesbon alikuwa bado kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba kule Kabuchai, akingoja kupona, pamoja na binamu yake mkubwa, na mimi nilikuwa nimeshamwona mara moja tu, kwa mbali, akitembea miguu imeachana, amejifunga shuka. Aliinua mkono. Nikainua wangu. Nilikuwa nimerudi Kitale kufungua duka.

Mwalimu Phelista alinipigia simu kuuliza atarudi lini darasani. Nikamwambia atachelewa wiki mbili. Hakuuliza zaidi. Alisema nisiwe na wasiwasi na mtihani, mtoto kama huyo atawafikia wenzake kwa siku tatu, na tena alikuwa anafikiria akifika gredi ya saba tuongee na mwalimu wa huko.

"Tuongee nini?" nilimuuliza.

"Kama tutamwacha akae ya saba mwaka mzima."

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na chupa tupu ya dawa ya kupe, anataka nyingine kama ile. Nilimwambia Mwalimu Phelista kwamba nina mtu, nikaiweka simu juu ya kaunta. Alikuwa bado anaongea.